Kete Iliyosogea Yenyewe

Watu wakiniita kutengeneza kompyuta zao huanza kwa uongo. "Sikugusa kitu, fundi, ilizima tu." Haikuzima tu. Kuna chai imemwagika, kuna mtu amebonyeza asipotakiwa kubonyeza, kuna mtoto wa dada amepakua mchezo wa bure uliokuja na wenzake wasioalikwa. Mficha uchi hazai, na mficha alichobonyeza hatengenezewi. Kwa hiyo Mama Kadi aliponipigia simu asubuhi na kuniambia kwamba kishale cha kompyuta yao kinatembea chenyewe, nilimkatiza nikamuuliza nani kamwaga nini.

"Hakuna aliyemwaga, mwanangu," alisema. "Kuna mtu ndani."

"Ndani ya nyumba?"

"Ndani ya kompyuta. Njoo leo leo. Njoo na dawa zako zote uifute yote, hata picha zikipotea zipotee. Siwezi kulala nyumba moja na kitu nisichokiona."

Mama Kadi tunamwita hivyo kwa kazi yake. Anachapa kadi za harusi, vibandiko vya maduka, na zile karatasi zenye picha ya marehemu zinazogawiwa msibani. Mtaani kwetu mtu haoi wala hazikwi kabla jina lake halijapita mezani kwake. Na hapo ndipo palipokuwa na balaa, kwa sababu wiki ile wateja wake walikuwa wamepata barua pepe kutoka anwani yake zikiwaambia wabonyeze hapa wapokee zawadi. Mmoja alibonyeza, na simu yake haikuamka tena. Mtu aliyekaa miaka akijenga jina lake kwa gundi na mkasi alikuwa anaitwa tapeli sokoni.

Nilifika nikakuta sebule yenye harufu ya gundi. Kompyuta ilikuwa dirishani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na mashine ya kuchapia pembeni yake, na mabunda ya karatasi ngumu hadi chini ya meza. Mumewe alikuwa kwenye kochi na gazeti lake. Yeye ni karani wa mahakama mstaafu. Kazi yake ilikuwa kuwaapisha mashahidi, na hata sasa akizungumza unahisi umeshika kitabu kitakatifu mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kompyuta ni nzima."

"Mama anasema kishale kinatembea."

"Mama yako anasema mengi."

Nilifunua kitambaa, nikainama kutafuta waya wa umeme, sikuuona. Mama Kadi akatafuta nyuma ya meza, akatafuta kabatini, akawasingizia wajukuu ambao hata hawakuwepo. Mwishowe alisimama mbele ya mumewe akashika kiuno.

"Baba, nyanyuka."

"Nasoma."

"Nyanyuka kidogo tu."

Mzee alinyanyuka. Waya ulikuwa chini ya mto aliokalia, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira. Alisema aliuweka pale usipotee. Nimeona watu wakificha vidhibiti vya televisheni, nimeona mama mmoja aliyeficha kibodi ndani ya pipa la mchele ili mwanawe afanye mtihani, lakini sikuwahi kuona mtu mzima aliyeukalia waya kama kuku anayeatamia. Hasira niliyokuja nayo iliniisha, nikabaki na hamu ya kujua.

"Zamani nani alikuwa akiwatengenezea?" nilimuuliza Mama Kadi huku nikichomeka.

Alinivuta jikoni kwanza ndipo akajibu. "Mwanetu. Ndiye aliyeinunua, ndiye aliyenifundisha kuchapa. Lakini alitudanganya, fundi. Tulijua anasomea sheria. Kumbe chuo alishaacha zamani, yuko mji mwingine anatengeneza simu na kompyuta kama wewe. Baba yake alipojua, alisimama mezani mbele ya ukoo mzima akala kiapo kwamba hatasema naye tena. Na huyu akiapa, ameapa. Mimi naongea na mwanangu kila Jumapili nikiwa uani, kama mwizi."

"Na hajalegea mpaka leo?"

"Hata salamu. Nikimtaja mtoto, anaondoka chumbani."

Nilirudi kwenye kazi yangu. Kishale kinachorukaruka, mara nyingi ni uchafu tu. Nilikigeuza kipanya, nikafuta kile kijicho chake cha chini kwa pamba, maana unyoya mmoja wa vumbi unaweza kukifanya kishale kicheze ngoma. Nikakitoa juu ya kioo cha meza nikakiweka juu ya daftari, kwa sababu vipanya vingine havioni juu ya kioo. Nikagonga vibonye vya kibodi kimoja kimoja kuona kama kuna kilichokwama. Vyote vilikuwa vizima. Nikawasha.

Iliamka kwa taabu. Ile programu ya kuzuia virusi ilikuwa imeisha muda wake siku nyingi, ngao yake imekuwa nyekundu, na mtu alikuwa amezoea kuifunga kila ilipolalamika. Hilo nalikuta kila nyumba. Watu hufunga mlango kwa makomeo mawili, wakiambiwa komeo la kompyuta limevunjika wanabonyeza "nikumbushe baadaye". Kisha bila kuulizwa likafunguka dirisha la mchezo wa drafti, ubao na kete zake, weusi upande huu na weupe upande ule. Nilipeleka kishale pembeni kulifunga.

"Usiufunge!"

Ilikuwa sauti ya mahakamani. Hata Mama Kadi alishtuka. Mzee alikohoa, akarudi nyuma ya gazeti.

"Mchezo haujaisha," alisema.

Nikauacha. Nilichomeka flashi yangu ya kusafishia nikaanza kupekua mafaili. Haikuchukua muda kumnasa mtuma barua: kiprogramu kidogo kilichojibandika ndani kwa jina la heshima, kikichukua anwani za wateja na kuzitumia usiku na mchana. Nilikizuia, nikakifuta, nikamwambia Mama Kadi abadilishe neno la siri la barua pepe kupitia simu yake, siyo hapa. Nilimpa kisogo akiandika, maana neno la siri la mtu silitazami, kama nisivyotazama mtu anayevaa. Alishukuru mpaka nikaona haya. Kwa fundi mvivu, kazi ingekuwa imeisha.

Lakini kiprogramu cha aina ile hakisogezi kishale. Na bado sikujua kiliingilia wapi.

Nilikaa nikitazama, mikono yangu juu ya magoti, ndipo kishale kikatembea.

Hakikuruka. Vumbi huruka. Hiki kilitembea, tena kwa madaha, kikapita juu ya ubao wa drafti, kikasimama juu ya kete nyeupe ya katikati. Kikaiacha. Kikaenda kwenye nyingine, kikarudi kwenye ile ya kwanza, kikasita. Halafu kikaenda pembeni kabisa, kikashika kete ya mwisho na kuisogeza mbele hatua moja. Kikatulia. Mimi kazi hii ndiyo inayonilisha, sina imani za majini, lakini nilirudisha kiti nyuma.

Niliuchomoa waya wa intaneti. Kimya. Niliuchomeka tena, nikasubiri. Baada ya kitambo kishale kikazunguka kidogo mahali pamoja, kama mtu anayeuliza, upo?

Wezi wa kompyuta nawafahamu. Wana haraka. Wanaingia kwenye barua, kwenye maneno ya siri, kwenye picha za vitambulisho, wanatoka. Sijawahi kumwona mwizi aliyeketi kufikiria drafti. Nilipekua programu zote zilizokuwa zikikimbia kimya kimya nyuma ya pazia, nikaikuta: programu ya kumwezesha mtu aliye mbali kuishika kompyuta kana kwamba yuko mbele yake. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini walisema kabla ya intaneti. Ilikuwa toleo la zamani ambalo halijawahi kuguswa tangu liwekwe. Nilijaribu neno lake la siri kwa kubahatisha: moja, mbili, tatu, nne. Likafunguka.

Nilitukana kimoyomoyo. Mlango wa namna hiyo mtu yeyote duniani angeweza kuusukuma, na ni wazi mtuma barua aliusukuma. Sasa nilielewa alikopitia. Kilichobaki kujua ni yule mwingine, mcheza drafti, anayepita mlango huo huo bila kuiba kitu.

Getini kulisikika sauti ya mteja mmoja akigomba kuhusu ile zawadi, na Mama Kadi akatoka kwenda kumtuliza. Mlango ulipofungwa tu, gazeti likashuka. Mzee alinyanyuka, akaja nyuma ya kiti changu, akautazama ubao kwa muda mrefu.

"Amesogeza ya pembeni," alisema polepole. "Siku zote anaanza na ya pembeni. Nilimwambia tangu mdogo, ukitanguliza ya pembeni unaacha mgongo wazi. Kichwa kigumu kile."

Nilimpisha kiti. Aliketi, akasogeza kete yake nyeusi kwa kidole kimoja kilichonyooka, akashusha pumzi.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Ni virusi."

"Virusi hivi vina jina?"

"Vina jina la marehemu baba yangu."

Mwana hupewa jina la babu, hilo hakuhitaji kunifafanulia. Alinieleza mengine bila kunitazama. Alikuwa akicheza drafti peke yake, mwenyewe weusi, mwenyewe weupe. Siku moja aliacha mchezo katikati akaenda kusali, akarudi akakuta weupe wamesogea. Akadhani ni mkewe. Kesho yake tena. Siku ya tatu aliona ile kete ya pembeni, akajua. Hakusema. Alisogeza yake, akaondoka. Tangu hapo kila siku asubuhi anacheza moja, mchana anakuta amejibiwa.

"Na kile kiapo?" nilimuuliza, maana ulimi wangu hauna breki.

"Niliapa sitasema naye," alijibu, na hapo alinigeukia kabisa. "Maneno yangu nayakumbuka. Sikuapa sitacheza naye."

"Na yeye anajua kwamba unajua?"

"Hatujawahi kusema." Alikunja mikono. "Basi sikiliza, fundi. Umemtoa yule mwizi wa barua, Mama yako ameridhika. Hiki kingine kiache."

Nilimwonea huruma, na huruma kwenye kazi yangu ni kitu kibaya. Nilimweleza ilivyo. Mlango anaopita mwanawe ndio aliopita mwizi. Nikiuacha, mwizi atarudi kabla ya jioni, na safari hii hataishia kwenye zawadi. Atachukua akaunti ya Mama, atachukua kadi za watu na majina yao, na jina la mkewe sokoni halitasafishika hata kwa sabuni ya magadi. Lazima niufunge.

"Ukiufunga, ataingiaje?"

"Haingii. Hiyo ndiyo maana ya kufunga."

Aliutazama ubao. Mzee yule alikuwa na uso wa bati, lakini kidevu chake kilianza kucheza, nami nikajitia hamnazo nikawa nakunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa. Nilimwambia kuna njia ya pili. Naweza kuweka toleo jipya la ile programu, lenye neno refu la siri ambalo hata mashine ya mwizi haitalibahatisha. Atakayelijua ataingia, asiyelijua atabaki nje. Ila lazima mwanawe aambiwe hilo neno.

"Mpigie, umwambie," alisema upesi.

"Mimi simo. Ufunguo wa nyumba haupiti mfukoni mwa fundi."

"Nitamwandikia ujumbe. Kuandika si kusema."

Alikuwa na akili, mzee huyu. Angeweza kumtetea shetani akashinda. Nilimwambia neno la siri haliandikwi kwenye ujumbe, maana ujumbe hukaa, husomwa, hupelekwa kwingine. Ni sheria. Kweli ni sheria, ingawa nimewahi kuwaonea watu huruma nikaifumbia macho. Siku ile sikuifumbia. Alifungua mdomo kubishana, kisha akaufunga, kwa sababu ni mtu anayeheshimu sheria hata ikimuumiza.

"Basi Mama yake atamwambia," alisema mwisho.

"Mama yake hakumbuki vitu virefu," ilijibu sauti mlangoni. Mama Kadi alikuwa amesimama pale, sijui tangu lini, na mteja wake alishaondoka. Mwanamke huyu anakumbuka tarehe ya ndoa ya kila mtu mtaani, na rangi ya utepe waliochagua. "Hata namba yangu ya simu huwa inanipotea. Mniache, jamani."

"Umesikia nini?" Mzee aliuliza.

"Nimesikia kwamba virusi unavilisha mwenyewe," alisema, na alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Na mimi nakimbilia uani na simu kila Jumapili, kumbe wewe unaye kila siku sebuleni!"

Nilijishughulisha na kazi. Niliing'oa programu ya zamani, nikaweka mpya, nikahuisha ile ya kuzuia virusi mpaka ngao ikawa ya kijani. Kisha ikafika zamu ya neno la siri. Niliwaambia lisiwe jina, lisiwe tarehe ya kuzaliwa, lisiwe methali wala aya wala wimbo ambao watu wanaujua. Liwe sentensi ambayo haijawahi kutamkwa na binadamu mwenye akili timamu.

Walibishana kama vijana. Mama akaleta maneno ya kadi zake, nikakataa. Mzee akaleta kifungu cha sheria, nikakataa. Mwishowe, kwa uso ule ule wa bati, Mzee alitamka kila neno kwa uwazi wa mtu anayeapisha shahidi: "Kobe sita wanapiga pasi mapazia ya jirani." Mama Kadi alicheka mpaka akashika meza. Nayataja hapa kwa kuwa siku hizi wanatumia mengine.

Niliyaweka. Kete zote zilikuwa mahali pake, zamu ilikuwa ya weupe, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuzisogeza. Mama Kadi alitoa simu yake, akabonyeza namba ambayo eti huwa inampotea, akawasha kipaza sauti, akaiweka mezani mbele ya mumewe. Nilitaka kutoka, akanishika mkono wa shati.

Iliita kidogo tu.

"Mama? Leo si Jumapili. Kuna nini?" Ilikuwa sauti ya mwanamume mwenye wasiwasi, na nyuma yake mlio wa bisibisi ya umeme. "Kompyuta imezima? Nimeona imekatika ghafla... yaani, nilikuwa nataka kuuliza tu."

Mzee alikuwa ameiinamia simu, mikono yote miwili juu ya meza.

"Andika," alisema.

Bisibisi ilinyamaza. Hatukusikia kitu, hata pumzi. Nilidhani simu imekatika.

"Chukua kalamu uandike," Mzee alisema tena, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo ambao sikuwa nimeusikia mchana kutwa. "Ni la kuingilia. Lile la zamani halifanyi kazi. Kobe sita wanapiga pasi mapazia ya jirani. Yote pamoja, herufi ndogo."

Halafu kijana akasema kwa sauti ndogo sana, "Sijasikia vizuri, baba. Rudia."

"Kobe sita wanapiga pasi mapazia ya jirani."

"Mapazia ya nani?"

"Ya jirani."

"Kobe wangapi?"

"Sita. Sita, nimesema."

"Mtandao wa huku unakatakata, baba. Naomba urudie tena tangu mwanzo."

Mtandao haukuwa unakata kitu. Tulikuwa tukimsikia wazi, tulisikia hata anavyovuta kamasi. Mtu anayetengeneza kompyuta angekuwa ameshayaandika maneno yale tangu mara ya kwanza, na kuyajaribu. Nilimtazama Mzee nikijua naye amelielewa hilo, maana amekaa maisha yake yote akisikiliza watu na kupima nani anasema kweli. Alikivuta kiti karibu zaidi na meza.

"Kobe," alianza upya, polepole, neno moja moja. "Sita."